Mjusi Aliyepewa Jina la Milcah

Nyokabi, wacha kila kitu usome hii. Nyanya Selpher amemfungia mlango Milcah, dada ya marehemu babu. Sababu ni mjusi. MJUSI!

Kumbe miaka ya hamsini babu alikuwa akishika mijusi jangwani Chalbi kwa niaba ya wataalamu fulani wa huko tao, mjini. Wao kazi yao ni kuwapanga kwa aina na mahali wanapopatikana. Siku moja akaleta aina ambayo hawajawahi kuona, wakamwambia achague jina.

Nyanya akavaa gauni ya Krismasi, akatembea kutoka Kangemi mpaka tao kumwona huyo mjusi. Anaonyeshwa chupa, anaambiwa: "Huyu anapatikana Chalbi pekee. Anaitwa Milcah."

Milcah!! Yeye ndiye anafua suruali zimejaa mchanga wa Chalbi, halafu jina linaenda kwa wifi! Wivu ukamkaba hapo hapo, na haujawahi kumwachilia.

Sasa leo wifi mwenyewe anamjibu kupitia dirisha: "Selpher, si kaka yangu alianza na jina lako? Si ulimwambia asithubutu kukuita mjusi?"

 

Halafu Nyanya, kwa sauti ya chini: "Si angeniuliza tena?"