Udongo wa Vasemaca

Shoga, bado natetemeka kwa hasira. Yule Vasemaca anayejiita mtaalamu wa ngozi leo kaja ukumbi wa kanisa hapa Sabeto na ndoo yake ya udongo.

Tulikaa wanawake kumi, mdogo wangu Kelera mbele kabisa, maana anaolewa Jumamosi. Wote wakapakwa, isipokuwa mimi. Kelera alisilibwa uso mzima kama ukuta!

Nikauliza, "Udongo huu umepimwa wapi?"

"Dada, huu umepimwa na Mungu."

UMEPIMWA NA MUNGU! Na watu wakaitikia amina!

Baada ya dakika kumi ukakauka, ukapasuka. Kelera akanishika mkono, "Dada, naungua." Vasemaca akacheka. "Vumilia, bibi harusi. Hiyo ni sumu inatoka."

Sumu gani? Mtoto anaoga kila siku!

Nikamvuta hadi bombani, nikamwosha. Mashavu mekundu, yamevimba. Nikarudi na udongo kiganjani. "Haya, jipake na wewe, sumu yako itoke."

Akarudi nyuma. Unajua alisema nini?

"Mimi hapana. Ngozi yangu haipatani nao."

Haipatani nao! Mbele ya watu!

Ungewaona wale wanane wakigombania bomba moja, mke wa mchungaji akiwapiga wenzake viwiko.

Zahanati wamempa Kelera dawa, wanasema hadi Jumamosi uvimbe utakuwa umeshuka. Vasemaca katorokea mlango wa nyuma, ndoo kaiacha. Udongo wake tumezibia shimo la barabarani. Angalau huko umefaa.