Sauti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimebweka. Shahada ya muziki, miaka minne, mtihani wa mwisho nimeimba bila karatasi mbele ya wahadhiri watano – na leo nimelipwa kubweka. Mbwa wa kwenye tamthilia ya kigeni tunayoitia sauti za Kiswahili. Mara kumi na saba, kwa sababu mtayarishaji wetu neno lake ni moja tu, ndiyo maana tunamwita Bwana Tena. "Tena! Huyu mbwa kashiba. Tena!"

Mama kapiga simu jioni, kauliza kazi gani leo. Ya sauti. Sauti ya nani? Ya mbwa. Kisha: "Mkubwa au mdogo?" Mkubwa, mama. "Afadhali."

Hakuna aliyenishika mkono kufika hapa. Niliimba harusini, mpaka kila mwenye bendi akakumbuka ana mpwa anayeimba. Nikafundisha piano watoto wa daktari wa meno, wakahama na piano yao. Halafu mashine ya foleni ya benki: "Namba arobaini na mbili, dirisha la tatu." Ni mimi yule! Nilisoma namba zote hadi mia tisa tisini na tisa. Nimelipwa mara moja, mashine inaropoka hadi leo. Kaka anasema akiisikia husimama wima, anadhani namwita aoshe vyombo. Fundi mitambo aliyenirekodi namba zile ndiye aliyenileta studio hii. Namshukuru. Kiasi.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Bibi anayemsemea mama mkwe katika ile tamthilia ya kila jioni kakaukiwa sauti. Humu ndani naye tunamwita Mama Mkwe, na anaitika. Daktari kampiga marufuku kusema neno kwa wiki nzima na ushei. Yeye! Wake za watu wanamwogopa bila hata kumjua sura.

Bwana Tena kashika kichwa. Nani anaweza kumuiga, watazamaji wasishtuke? Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mbwa?"

Ndiyo, mbwa.

Kasema nijaribu. Bibi akirudi, yeye Bwana Tena atatusikiliza wote wawili, na atakayemfaa ndiye atakayemaliza tamthilia. Nikapiga hesabu palepale: sehemu mia mbili na kumi zimebaki, tano kwa wiki. Wiki arobaini na mbili! Sijawahi kuwa na kazi ya wiki sita.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeboronga. Tena kwa usomi. Nilisikiliza rekodi za bibi, nikaziandika kwa noti kama wimbo: hapa sauti inapanda, hapa inashuka. Kurasa kumi na moja. Nikaingia kibandani, nikasimama mbele ya maiki, kifua mbele. "Wewe si mke, ni mgeni asiyejua kuaga." Kila noti mahali pake.

Midomo kwenye skrini ilishafumba zamani. Mimi bado nimeshikilia irabu ya mwisho. Miaka minne nimefundishwa noti haikatwi!

Bwana Tena: "Binti, huyu anamfukuza mkwe. Wewe unambembeleza alale." Fundi kacheka mpaka kamwagia mitambo chai. Shauri yake.

Nimepewa hadi Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kumjulia hali bibi. Na kumchimba, sifichi. Nikamwamkia, akaniitikia kwa nyusi. Anamwita mjukuu kwa kupiga makofi, paka kwa kugonga kijiko. Nyumba imetulia hivi kwamba mkwe wake wa kweli ananenepa.

Nikamwonyesha noti zangu. Akazigeuza juu chini, akazirudisha, akanipangusa shavu kama mtoto aliyechafuka. Akachukua ubao wa mjukuu, akaandika kwa chaki: "Kabla ya tusi, nusa. Kama unanusa maziwa, hujui yamechacha au bado."

Akaweka kiganja changu mgongoni kwake. Akanusa. Mgongo haukupanda hata kidogo. Pumzi fupi, ya puani tu, ya mtu aliyekwisha kuhukumu. Mimi na mapafu yangu ya shahada!

Nilipoaga akaandika tena: "Kazi yangu usiiharibu. Sina nyingine." Nikasema, sawa, bibi. Njiani nikawaza: na mimi je?

Jumatatu, 11 Machi

Nimenusa. Bwana Tena hakusema tena!!

Alhamisi, 14 Machi

Mama kapiga simu, kawaka. "Yule mama mkwe jana kavuka mpaka! Ningemshika ningemtwanga." Nikamwuliza kama sauti yake imebadilika. "Ibadilike wapi? Shetani hapati mafua." Sijapata sifa kama hiyo kwa mama tangu nizaliwe. Sikumwambia. Kidogo nimwambie.

Jumatano, 20 Machi

Naandika nyuma ya karatasi za leo, msalani studio. Komeo nimelifunga.

Bibi karudi asubuhi. Anasema, lakini sauti imekwaruza, imepungua unene. Kasoma maneno yale ya mgeni asiyejua kuaga. Fundi akayaweka pamoja na yangu ya Jumatatu ile, rekodi ya kwanza na ya pili, ipi ni ya nani anajua yeye peke yake. Tukakaa kusikiliza. Bwana Tena kafumba macho. Ya kwanza. Ya pili.

"Ya pili," kasema Bwana Tena. "Haina mfano. Mama, yako ipi?"

Bibi hakusita. "Ya pili. Nitaikosaje sauti yangu, nimeishi nayo miaka sitini na nane?"

Bwana Tena kapiga makofi. "Basi! Kazi imerudi kwa mwenyewe."

Ya pili ni yangu. Najua, nilinusa kwa nguvu mno. Fundi naye kakaa na mdomo wazi: "Bosi, ngoja..." – nami nikaropoka kwamba nimebanwa, nikakimbilia huku.

Nikisema, nina kazi ya wiki arobaini zilizobaki. Nikisema, nitamwambia mwanamke mzima mbele ya watu kwamba kapotewa na sauti yake. Au anajua? Alipochagua hakunitazama. Si kawaida yake.

Wanagonga. Ni yeye. "Mwanangu, toka, wanakungoja."

Nimejibu, "Nakuja!"

Imetoka kwa sauti yake. Huko nje nyayo haziondoki.