Ombi Kuhusu Ubeti Wako, Kavira

Kwa mdogo wangu mpendwa Kavira, popote ulipo upande wa Uganda,

Nina heshima ya kuja mbele yako kwa barua hii, mimi kaka yako mkubwa na mpiga gitaa wa kwaya yetu ya Ndosho, hapa Goma, kwa madhumuni ya kukuomba uamuzi juu ya ubeti wako katika wimbo wa matoleo. Naiandika kama barua ya wazi kwa kuwa simu uliyoazima mara ya mwisho haipatikani tena. Yeyote atakayekutambua, tafadhali akusomee.

Kabla ya kufikia shauri lenyewe, yafaa nikumbushe msimamo wa kila mmoja wetu kuhusu muziki, maana tulibishana tangu utoto na hakuna aliyeshinda. Mimi nilishikilia, na hata leo nashikilia, kwamba rumba ni ile sehemu ya mwanzo, ya polepole, ambamo mwimbaji hujieleza. Sebene linalofuata, la magitaa ya kasi na kucheza, ni la kutoa jasho tu. Wewe ulivumilia mwanzo kwa ajili ya sebene. Ulinicheka ukimenya viazi mlangoni kwetu, mtaani Mapendo, ukiniita Yaya kama mdogo amwitavyo mkubwa wake: "Yaya, weye unasikilizaka muziki sawa mutu anangojea muhuri ku bureau ya serikali!"

Tulikubaliana juu ya mwimbaji mmoja pekee, yule wa Kinshasa uliyempachika jina la Papa Koti kwa sababu ya makoti yake marefu. Sauti yake sote tuliiheshimu. Lakini alipoanza kuwataja matajiri waliomlipa katikati ya wimbo, mimi niliona ni aibu kwa sanaa, nawe ulisema, "Huyu haimbi tena, anaita majina sawa mwalimu!" Kisha ulichukua mwiko na kuwataja matajiri wako: muuza makaa, mbuzi wa jirani, na mimi, "Yaya Muhuri, mutu mukubwa wa Goma!" Mama alicheka hadi akashika meza.

Ulipoingia kwaya, nilitambua ulichojifunza kwa Papa Koti: kuchelewa. Uliliacha gitaa langu lipite, lipite tena, hata nikadhani umesahau, ndipo ulipoingia taratibu: "Sikujua njia, bali mkono niliujua." Kwa maoni yangu, ambayo nimeyapima kwa muda mrefu, hakuna msanii wa redioni aliyewahi kunitia hofu tamu kama ile.

Ulikwenda Rutshuru kununua maharage, vita vikaikata barabara, ukavuka mpaka pamoja na wakimbizi wengine. Tangu hapo kwaya, bila kufanya mkutano wowote, iliacha kuimba ubeti ule. Tukiufikia, gitaa na ngoma hupiga mzunguko mmoja peke yake, waimbaji wote husimama kimya, kisha kiitikio huendelea. Watoto wa mtaa wanaamini kwamba wimbo ulitungwa hivyo. Wakiucheza, huimba, hunyamaza, huimba tena, na anayesema neno katikati huzomewa.

Sasa shauri lenyewe. Amekuja kwaya msichana aitwaye Riziki, mkimbizi kutoka Masisi, anayeishi na mama yake katika kambi ya upande wa Lac Vert. Huko kwao Masisi wimbo wetu ulifika ndani ya simu ya dereva wa pikipiki, na sauti yako ikiwa humo. Jumapili ya kwanza aliposimama nasi, tulipoufikia ubeti wako na kunyamaza, yeye akaimba. Peke yake. Kanisa zima liligeuka. Mama, aliyekuwa katika benchi la wanawake, aliinuka na kutazama mlangoni.

Baada ya misa waimbaji walimzunguka. "Nani alikutuma?" Msichana akajibu: "Nilizani mumesahau. Njo maana nikawasaidia." Wengine walicheka, wengine walikasirika. Papa Anselme, rais wa kwaya, alisema kwamba ubeti si nyumba ya kufungwa kufuli. Mama alimjibu mbele ya watu wote: "Mukimupa ule wimbo, munamuzika mutoto wangu akiwa muzima."

Kama msikilizaji, wajibu wangu ni kusema kweli. Riziki ana sauti pana kuliko yako, na hachelewi. Huingia moja kwa moja, kama mtu aliyebisha hodi mno bila kufunguliwa. Sikuipenda namna hiyo siku ya kwanza. Sasa, katika nyimbo nyingine, naizoea, na kuizoea huko kunanitisha. Aliniambia kwamba katika kwaya yao ya Masisi walibaki wawili tu, na mwenzake hajui aliko. Nikimtazama akinyamaza pamoja nasi mahali anapojua kuimba, naona tunamnyima kitu. Nikimtazama Mama, naona tukimpa Riziki ubeti huo, Mama ataacha kutazama mlangoni.

Nimejaribu kupata hukumu ya haki nikashindwa. Papa Anselme ameahirisha jambo hili, na Mama amesema hatapokea neno la mtu mwingine ila lako, kwa sauti yako mwenyewe, hata kama ni la ugomvi.

Kwa hiyo, kwa heshima yote, naomba uamue: Riziki auimbe ubeti huo mpaka utakaporudi, au tuendelee kuunyamazia? Tafadhali, jibu.

Wako daima,
Kaka yako mkubwa