Kaka Festo, Bei Nimeitaja Mimi

Kaka Festo,

Kamwene. Najua huitikii, lakini nimezoea kukusalimia kabla sijaanza maneno, na sioni sababu ya kuacha adabu sasa hivi.

Nakuandikia kwenye daftari la vipimo, kurasa za nyuma, nikiwa hapa dukani Mlandege. Cherehani nimeizima. Kibanda chako cha pembeni amepanga mama mmoja anauza mitumba ya watoto. Bango lako la FUNDI REDIO NA SPIKA hakulishusha, kwa hiyo watu wanakuja na redio zao wanakuta soksi. Nilidhani kuona hivyo kutaniuma. Wapi! Nimekuwa mtu wa ajabu tangu uondoke, Kaka, ganzi tupu. Siku ya kukuzika Igowole ukungu ulishuka mpaka chini, Grace mwenzetu wa bendi analia mpaka wanamshika huku na huku, na mimi nimesimama pale nawaza kama duka nimelifunga kwa kufuli kubwa au lile dogo. Watu wakinipa pole nasema asante, naendelea kupima suruali. Mama yako alinitazama sana siku ile. Nadhani alijiuliza, huyu ndiye aliyekuwa anaimba na mwanangu miaka yote? Jicho kavu namna hii?

 

Basi nikupe habari. Bendi haijavunjika. Miezi miwili hatukugusa chombo, gita lako liko kwangu juu ya kabati, nimelifunika kwa kitenge. Halafu simu ikaanza kulia tena. Wateja hawajui msiba, wanajua namba tu, na namba ya pili kwenye ile kadi yako ni yangu. Wote wanauliza swali lile lile: mnapiga kwa shilingi ngapi?

Mungu wangu, Kaka, sikujua kama hilo swali ni zito hivyo. Wewe ulikuwa unalijibu umeshika pasi ya kulehemu, hata kichwa hunyanyui. Sisi si watu wa kuishi kwa muziki. Benja ana viatu vyake sokoni, Kastori na Grace wana kuku wao, Mzee Lwitiko anakula pensheni na anapiga tumba ili asizeeke. Tunapiga Jumamosi kwa sababu siku nyingine tuna kazi. Sasa mtu kama huyo anajipangia bei gani? Ukitaja ndogo wanakuona wa kubahatisha, hata chakula wanakupa mwisho, mapaja yameisha zimebaki shingo. Ukitaja kubwa wanakuambia kuna DJ wa laki mbili na anakuja na taa zake.

Wewe ulisema bei inatoka jikoni. Nakumbuka tulivyokuwa tunakwenda, mimi na wewe, wiki moja kabla ya shughuli. Unawaambia wenye nyumba umekuja kuona umeme. Umeme unauona dakika mbili, halafu unapotea, nakukuta nyuma kwa wapishi umekaa kwenye kigoda unaomba kiporo. Unawatania, unawauliza kiulaini: mchele mtapika kilo ngapi, mama zangu? Wakikwambia kilo thelathini, tukitoka unanikonyeza, unasema hawa tuwachukulie elfu hamsini kila mtu. Wakikwambia kilo mia na hamsini, unasema hapa laki na nusu kila mtu, na tusione haya. Pale kwa yule mwalimu mstaafu wa kule Mufindi ulikuta sufuria mbili tu, na moja ameazima. Ukamwambia, mwalimu, tupe nauli na debe la maharage. Nilinuna njia nzima. Maharage yenyewe yalikuwa matamu, nakiri.

Sheria yako ya pili nayo sijaisahau. Ulisema bei ni kama mate, ukishatema hulambi. Ukishusha leo, kesho mji mzima unajua mnashuka.

Sasa sikia nilichofanya.

Alinipigia mama mmoja kutoka Madibira, Mama Shija. Ni Wasukuma waliohamia bondeni kule na ng'ombe wao, wakaingia kwenye kilimo cha mpunga. Binti yake, huyo Shija, alisoma ualimu hapa Iringa, akatuona tunapiga kwenye mahafali. Sasa anaolewa, wanamfanyia sendofu, na amewaambia nyumbani kwamba DJ hataki, anataka bendi ya yule dada na yule kaka wa gita. Nilipaswa kumwambia hapo hapo kwamba kaka wa gita hayupo. Sikusema. Nilipaswa pia kumwambia subiri nije kwanza nione umeme. Sikusema hilo nalo, maana kwenda kuona umeme ni safari ya watu wawili, na sikuweza kujiona nakata tiketi moja. Nikataka niimalize kwenye simu. Nikamuuliza, mama, mchele mtapika kiasi gani?

Akasema, ah, gunia nne hivi. Au tano, watu wasije wakalala njaa.

Gunia nne, Kaka! Hatujawahi kupiga kwenye sherehe ya gunia nne. Nikaona huyu ni tajiri. Nikachukua laki na nusu yako nikazidisha, nikaongeza laki mbili ya gari, nikamwambia milioni moja na laki moja.  Akasema, haya mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao, tutajitahidi. Nikakata simu, nikajisifu. Nikawaambia wenzangu, Benja akacheza palepale kati ya viatu vyake.

Hilo neno tutajitahidi lilinikaa. Tajiri huwa anasema tuma namba nikutumie. Basi wiki iliyopita nikamburuta Benja, tukapanda basi mpaka Mafinga, kisha lingine mpaka Madibira, kuona umeme. Tulipokelewa vizuri mno. Nikafanya kama wewe, nikazunguka nyuma kwa wapishi. Nikakuta magunia ya mchele yamepangwa mpaka karibu na bati. Nikauliza kwa heshima, mmenunua shilingi ngapi gunia? Wale akina mama wakaangaliana, wakacheka mpaka mmoja akashika mlango. Mchele wa kununua? Dada, huo ni wa shambani kwetu! Hapa cha kununua ni sukari na chumvi. Maskini na tajiri wote wanapika gunia nne.

Nilisimama pale na kigoda chao mkononi. Jiko lako lilikuwa jiko la mjini, Kaka, la watu wanaonunua mchele kwa kilo. Hukuwahi kuniambia kwamba Madibira haipimwi hivyo. Labda hata wewe hukujua.

Tukatoka nje kuangalia mahali pa turubai. Langoni amefungwa maksai mkubwa, mweupe, ana baka jeusi shingoni. Mama Shija akampigapiga mgongoni, akacheka, akaniambia, "Huyu ndiye bendi yenu, mayu. Jumatatu mnunuzi anamchukua." Kamati ilikuwa imetenga laki saba za muziki, zipo tayari kwenye bahasha. Kilichopungua atakilipa huyo ng'ombe. Nikamuuliza, siye wa kulimia huyu? Akasema ndiye, mwenzake yule kule, lakini mmoja peke yake halimi, kwa hiyo msimu huu watakodi wa jirani. Akasema mtoto anaolewa mara moja. Hakulalamika hata kidogo, na hicho ndicho kilinitia haya. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Kwenye basi la kurudi nilianza kupiga hesabu upya kichwani. Benja naye alikuwa ameshajua ninachowaza. Kufika Mafinga akasema, "Dada Neema, usithubutu. Bei ni kama mate." Yaani mtu anachukua maneno yako ananipiga nayo!

Jana jioni tukakaa wote watano hapa dukani, mimi kwenye kiti cha cherehani, wao kwenye benchi. Nikawaeleza habari za mchele na ng'ombe. Kelele zikaanza. Benja anasema tutachekwa mpaka Makambako. Kastori anasema laki na nusu yake ameshainunulia chakula cha kuku kwa mkopo. Nikapandisha sauti, unanijua. Nikawaambia mimi ndiye niliyetaja hiyo bei, nilitaja nikiwa nimekaa hapa nakunja pindo, sikwenda kuona, kosa ni langu, na ng'ombe wa watu hauzwi kwa uvivu wangu. Grace akamkanyaga mumewe mguu. Mwisho wakakubali kushuka mpaka laki moja kila mtu. Benja alikubali akiwa ameangalia ukutani.

Nikachukua chaki, nikaandika kwenye meza ya kukatia. Sita kwa laki moja, laki sita. Gari laki mbili. Laki nane. Wao wana laki saba. Bado inapelea moja. Nikawaambia jamani, tushuke tena kidogo, elfu themanini kila mtu. Kastori akasimama kuondoka. Nikaanza upya, labda nimekosea, labda gari tulibane. Sita kwa laki moja. Nikaandika mara ya tatu.

Hapo Mzee Lwitiko, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu aingie, akaniuliza taratibu, kwa ile lafudhi yake ya Tukuyu, "Mwanangu, wa sita nani?"

Kaka, nilitaka kumjibu. Nilianza kuwahesabu kwa chaki, huyu, huyu, huyu, huyu, mimi. Chaki ikabaki hewani. Kila mtu akaangalia chini. Siku zote hizo nilikuwa nakuhesabu. Kwenye simu nilikuhesabu, nilipomtajia yule mama milioni nilikuhesabu, kwenye nafasi za gari nilikuwekea ya mbele kwa sababu ya miguu yako mirefu. Karibu wamuuze ng'ombe wa kulimia ili wakulipe wewe, na wewe uko Igowole chini ya udongo.

 Nilichukua kitambaa cha kufutia, nikafuta ile sita. Ilikuwa ngumu kutoka, meza ina mikwaruzo. Nikaandika tano. Tano kwa laki moja, laki tano, na gari laki mbili. Laki saba kamili. Benja akasema haya basi, akaenda zake bila kuaga, lakini asubuhi ameniletea vitumbua, kwa hiyo tumeelewana.

Leo Jumatatu, saa nne, nimempigia Mama Shija kabla mnunuzi hajafika. Nimemwambia bei nilikosea, tunakuja kwa hizo laki saba zilizoko kwenye bahasha, ng'ombe mfungulieni. Alipiga kigelegele kwenye simu mpaka mama wa mitumba akageuka. Nikamwambia na lile la pili, kwamba yule kaka wa gita amefariki, kwa hiyo Shija asije akamsubiri. Akasema pole sana mayu, pole. Halafu akauliza kile ambacho kila mwenye shughuli anauliza. Akasema, sasa nimwambie mpishi mnakuja wangapi, niwatengee chakula?

Nikasema, watano, mama.

Akarudia, watano, nikasikia anamwambia mtu pembeni, wa bendi ni watano, na mtu huyo akaitikia. Basi. Ikapita. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyesema mbona mnapungua. Nilikaa na simu mkononi, mama mmoja amesimama mbele yangu na gauni la kupunguza kiuno, nikamwambia njoo kesho. Nimefunga mlango nusu. Kifua kinaniuma tangu saa nne, Kaka, hapa katikati, kinauma kweli. Nimekaa nao tu huo uchungu, siufukuzi. Nilishaanza kuogopa kwamba hautakuja.

Nakuahidi mambo haya. Sitataja bei tena kabla sijakwenda kuona, hata kama tiketi ni moja. Watu nitawauliza wana nini na wamekosa nini, mchele waupike wanavyotaka. Mvua zikikata nitakuja Igowole, nitakaa na mama yako, nitamwambia mwenyewe kwa nini sikulia. Na gita lako halitauzwa, hata Benja akinisumbua vipi.

Nisamehe kwa kukutoa kwenye hesabu. Ilikuwa wewe au ng'ombe wa watu, na nakujua, ungemfungulia ng'ombe.

Pumzika, Kaka Festo. Jumamosi tunapiga, na nimeshasema tuko watano.

Dada yako,
Neema