Mimi, Bi Mwanapwani

Jumatatu, 3 Februari

Nimepiga picha jozi kumi na mbili za leso kabla wateja hawajaanza kuingia. Mwanga wa Biashara Street ni mzuri mpaka saa tatu. Baada ya hapo jua hupiga kioo cha duka la mbele na rangi zote zinakufa. Nimezitia mtandaoni kwa jina la Bi Mwanapwani. Chai, mahamri mawili, siku imeanza.

Bi Mwanapwani ni mimi. Hilo naliandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuliandika. Bwana Hasham aliponichukua nimtangazie duka, niliuchungulia huu mtandao wa picha nikaona umejaa wanawake watupu. Mwanamume humo ni kama aliyepotea njia akatokea jikoni. Nikajua leso haziwezi kuuzwa na Twalib mwenye ndevu. Basi nikamzua bibi, nikampa picha ya kikapu cha asumini mahali pa uso. Bwana Hasham alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo ananiita Bi.

Jumatano, 5 Februari

Naupenda mtandao huu. Nasema wazi.

Zamani nilitangaza matairi ya pikipiki kule waliko wanaume. Unatia picha ya tairi asubuhi, ikifika adhuhuri watu wameshatukanana kwa siasa na mpira, na tairi hakuna anayelikumbuka. Huku kimya. Mwanamke anaona kitu, anakipenda, anakiweka. Kila mmoja ana makabati yake ya picha humo na ameyapa majina. "Harusi inshallah." "Nyumba nikijaliwa." "Idi." Mmoja ameandika "Siku moja" tu, na ndani yake ameweka leso yetu ya zambarau. Imenigusa, sijui kwa nini.

Ila kuweka si kununua. Bwana Hasham ameniuliza leo wateja wa simu wako wapi. Harusi zinakimbizwa Shaabani hii ziishe kabla ya mfungo. Wasipoingia sasa, basi. Amenipa mpaka Ramadhani. Baadaye atarudi kwa gari lake la kipaza sauti, na mimi nitafute kazi kwingine. Ana haki. Lakini nina hofu.

Jumamosi, 8 Februari

Wamekuja!

Wa kwanza wawili kutoka Majengo, simu mkononi, wakamwonyesha Bwana Hasham: hii, na hii, na ile ya Bi Mwanapwani yenye michoro ya korosho za kijani. Halafu mama na binti zake watatu. Halafu sikuhesabu tena. Nimejificha nyuma ya marobota nikitabasamu peke yangu. Bwana Hasham ameagiza kahawa na halua, akanikatia kipande kikubwa kuliko chake. Kwa anayemjua, hiyo ni hotuba nzima.

Jumatatu, 10 Februari

Sasa wananiandikia faraghani. Hii nyekundu inachuja? Kisutu cha bi harusi kipo? Pindo mnashona nyinyi? Nawajibu kwa sauti ya bibi wa Kibokoni: mwanangu, ifue na chumvi mara ya kwanza. Naijua sauti hiyo, nimelelewa nayo. Natia dua mwishoni.

Bi Maimuna wa Ndia Kuu ndiye mwandishi mkubwa. Anamwoza bintiye Nasra mwisho wa mwezi. Ananieleza yote, mpaka ugomvi wake na wifi yake juu ya idadi ya sahani. Nimemshauri amwache wifi ashinde. Ameniombea maisha marefu. Kwa kweli nimejiona hodari.

Jumatano, 12 Februari

Mwanamke aliyejifungua juzi ameuliza namna ya kujifunga mkaja wa leso tumboni, na amelieleza tumbo lake. Nikasoma hadi mwisho ndipo masikio yakaniwaka moto. Nikamuuliza Mama, akanionyesha kwa mto. Akataka kujua nani anauliza. Nikasema mteja. Kweli ni mteja.

Nikamjibu yule dada vizuri. Ameshukuru. Sijisikii vizuri.

Ijumaa, 14 Februari

Bi Maimuna ameleta picha tatu. Nasra chumbani, amejifunga leso kifuani, nywele chini, mabega wazi. Jozi tatu tofauti. "Nitazamie Bi, ipi imemkaa?"

Niliona kabla sijajua ninachokiona. Nikafuta.

Nikaenda msikitini. Hutuba sikuisikia hata neno. Babake Nasra huswali safu moja na mimi miaka yote. Amenipa mkono, akaniuliza Mama hajambo, akanikumbusha nisikose kula pilau siku ya nikaha. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumamosi, 15 Februari

"Mbona kimya, Bi? Hazikukupendeza?" Hiyo ni saa mbili asubuhi. Saa nne tena: "Au unaumwa?"

Nimemwambia dada Rukia. Ni mkubwa wangu, hushona nyumbani, na ulimi wake hukata kuliko mkasi wake. Nilitegemea atacheka kisha anitukane, tumalize. Hakucheka. Aliweka mkasi chini.

"Umekaa na wake za watu wamejifunua, nao wadhani u mwanamke mwenzao. Picha kuzifuta umejisaidia wewe. Yeye bado hajui."

Nikasema sikukusudia. Akasema hilo analijua, na ndiyo maana bado anazungumza na mimi.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemwambia Bwana Hasham nataka kuandika ukweli. Amekataa. Duka lilijaa namna hii mara ya mwisho babake alipokuwa hai, na harusi bado ni nyingi. Anasema watu wote kwenye simu wana majina ya bandia, nani ameumia? Si mtu mbaya. Hakuziona zile picha, na mimi siwezi kumweleza. Nikieleza nitakuwa nimemfunua Nasra mara ya pili.

Alipomaliza hakuniita Bi. Aliniita Twalib. Amesema ukurasa ukianguka, nisidhani mimi nitabaki nimesimama.

Jumanne, 18 Februari

Tumekwenda kwa Bi Maimuna, mimi na Rukia. Tulichagua wakati mumewe yuko kazini. Rukia akaingia, mimi nikabaki barazani na jasho langu. Paka alikuja akanikalia miguuni. Sijawahi kumshukuru paka namna ile.

Muda mrefu. Kisha sauti ya Bi Maimuna nyuma ya pazia.

"Umeziona?"

"Nimeziona. Kisha nikazifuta."

Nikasikia bangili zikigongana.

"Mie nalikwita Bi," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga kiatu.

Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema Rukia peke yake, na kwamba babake Nasra hatasikia kwangu. Nilidhani yameishia hapo. Yeye hakudhani hivyo.

"Siko peke yangu mule. Waambie wote."

Jumatano, 19 Februari

Nimewaambia. Niliandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa na visingizio, ya pili hadithi, ya tatu na ya nne dua nyingi mno. Iliyotoka ni fupi. Bi Mwanapwani hayupo. Aliyekuwa akiwajibu ni mwanamume, jina langu Twalib, mtangazaji wa duka. Mlichoniandikia faraghani mliniandikia kwa kudanganywa. Nimefuta yote. Nisameheni. Nikaondoa na kile kikapu cha asumini.

Kisha nikaenda kumwambia Bwana Hasham kwa mdomo wangu, asije akasikia dukani. Alinyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Nikatoka na kamera yangu na chupa ya maji.

Alhamisi, 20 Februari

Nyumbani. Mama ameshaanza kupanga mapishi ya kuvunja jungu kabla ya mfungo na amenipa nazi nikune. Nakuna nazi.

Wanaondoka. Nikifungua ukurasa wamepungua, nikifunga nikafungua tena wamepungua zaidi. Mmoja ameniita shetani. Mwingine ameniombea Mungu anirekebishe, na hiyo imeuma zaidi. Yule dada wa mkaja ameandika maneno manne: "Tumbo limerudi. Toka kwangu." Amenifungia mlango. Nimecheka kidogo, kisha nimeona haya kwa kucheka.

Najuta kudanganya. Kusema sijuti. Nimelala mchana usingizi wa mtoto.

Jumatatu, 24 Februari

Bwana Hasham ameniita. Nimemkuta ameketi juu ya kibao, uso wa mtu asiyependa anachotaka kusema.

Kumbe Jumamosi waliingia wanawake sita, wote wamechukia, na wote wana swali moja: sasa tutamuuliza nani? Picha wamezihifadhi, leso wanazitaka, lakini hawataki kumuuliza mwanamume habari za chumbani. Na wasaidizi wake dukani ni wanaume vilevile.

Nikamtaja Rukia. Akasema anamjua, aliwahi kumrudishia robota zima kwa uzi mmoja uliokatika. Rukia akaja na masharti yake. Jina lake mwenyewe juu ya ukurasa. Simu ya ujumbe itakaa kwake nyumbani, hakuna mwanamume atakayeishika, si mimi, si Bwana Hasham, si mfalme. Mimi nipige picha na kupanga makabati. Picha nikizipiga vibaya, nitapiga upya.

Kwa hiyo nimerudi kazini, chini ya dada yangu. Watu hawakubaki wote. Nusu labda. Lakini waliobaki wanajua wanaongea na nani. Nina furaha, na naona haya kuwa nayo mapema hivi.

Alhamisi, 27 Februari

Asubuhi tulivu. Mvua ndogo, kisha jua. Nimepiga picha nane tu.

Mchana Rukia alinikabidhi mfuko wa kaki niupeleke Ndia Kuu, kwa Bi Maimuna. Harusi ni kesho. Mfuko umeshonwa mdomo kwa uzi, mishono ya karibu karibu. Sikuuliza kuna leso gani ndani, na yeye hakusema. Nimepita kwa miguu, taratibu, nikiwajibu watu salamu.

Mlango wao ulikuwa wazi. Ndani wanawake wengi, vicheko, harufu ya hina na vitunguu vya kukaanga. Nikasimama kando ya mlango, mgongo ukutani, nikabisha hodi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Maimuna.

"Ni mie Twalib. Mwanamume."

Vicheko vikakatika. Nikasikia nyayo, milango ya ndani ikifungwa, mtu akinong'ona.

"Ngoja basi, mwanangu," akasema. "Tujifunike."

Nikangoja.