Kidude Chako Kimemfukuza Mama Nyumbani

S.L.P. 418,
Waithaka,
Nairobi.
12 Agosti 2007

Mpendwa dada Anita,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii inayopasua midomo. U hali gani huko Leeds, na lile goti lako je, limekubali ngazi? Sisi huku tu hai sote. Neno hilo lisome polepole, kwa maana mwezi jana lilikaribia kuwa uongo.

Ni habari ya kile kidude cha kunusa hewa ya sumu ya makaa, ulichotutumia mwezi wa Mei kwa ajili ya chumba cha Mama. Sikukupigia simu kwa sababu ungenigombeza kabla sijamaliza.

Kilifika salama, nikakitundika ukutani siku hiyo hiyo. Ile karatasi ya nailoni sikuitoa. Unaijua nyumba yetu: rimoti ina karatasi yake tangu tuinunue, na ndiyo maana bado ni mpya. Mke wangu Muthoni naye akakifumia kitambaa cheupe chenye pindo la waridi, kisionekane uchi mbele ya wageni. Maelezo yake nikayatia kwenye faili. Nimekuwa karani wa stoo miaka thelathini, Anita. Sikuona cha kufundishwa na kidude.

Mwisho wa Juni kikaanza kulia "twi!" kila baada ya dakika moja. Mama akadhani kuna kifaranga chini ya kitanda, akamtafuta siku mbili, mtama mkononi. Nilipogundua ni kidude, nikatoa betri zake nikazitia kwenye redio yangu. Kikanyamaza. Nikajiona fundi.

Julai ikaja. Mama, unavyomjua, mchana kutwa amefunga dirisha, jiko la makaa miguuni, anafuma. Kichwa kikaanza kumuuma, akawa anatapika. Tulimpeleka hospitali Parklands mara mbili. Akifika huko anapona, anaitisha chai, anawauliza wauguzi kama wameolewa. Akirudi chumbani anaanguka tena. Mwishowe akatoa hukumu mwenyewe: ni githeri ya Muthoni, yale mahindi na maharagwe. Muthoni alilia, dada, akaacha kupika. Tukala mkate siku nne, na Mama akazidi kuugua.

Aliyetuokoa ni Ngui, fundi wa redio kutoka Kangemi. Nilimwita kwa sababu redio yangu nayo ilikuwa imenyamaza. Akaingia kumsalimia Mama, akaona lile rinda ukutani.

"Mzee, hii kitu itanusa aje na mmeifunga karatasi? Na mkaivalisha nguo juu!"

Nikamweleza habari za vumbi. Alivua kitambaa, akararua karatasi, akatia betri mpya, akabonyeza kitufe cha kujaribia. Kikalia, kikanyamaza. Hata chai hatujamaliza, kikaanza kupiga mayowe chenyewe.

"Toa shosho nje! Saa hii!"

Nilimbeba Mama na blanketi lake, akinidunga kwa sindano ya kufumia, akisema kidude cha Anita kimemfukuza nyumbani kwake. Nilipomweka juani nikaketi kwenye majani nikalia. Karibu nimuue Mama kwa kuogopa vumbi. Nisamehe, dada.

Siku hizi jiko linakaa nje. Mama amepewa chupa ya maji moto, anaitukana kila siku. Muthoni ameombwa radhi kwa namna ya Mama: alikula sahani mbili za githeri bila kusema neno. Kila Jumapili kabla ya kanisa Mama hubonyeza kitufe kwa ncha ya bakora, na majirani wameacha kukimbia. Maelezo nimeyasoma yote, mara mbili; kumbe ile "twi!" ilikuwa ya kuomba betri mpya.

Muthoni anakusalimu. Ngui pia, ingawa hakujui. Nisalimie shemeji Haron na Shiko wenu.

Mama naye ana lake. Jana alinitaka nimsomee hata maandishi madogo ya mgongoni mwa kidude. Yanasema ifikapo 2012 kitakuwa kimezeeka, kibadilishwe. Nikamwambia asijali, Anita atatuma kingine. Akahesabu miaka kwa vidole, kisha akahesabu tena. Akasema nikuandikie leo leo: usikitume, ukilete mwenyewe. Atakungoja.

Mungu akulinde, na madirisha yako yawe wazi.

Ni mimi kakako akupendaye, hata nikistahili kugombezwa,
Lazarus