Mkono wa Mzee Kiondo

Jumatatu, 3 Juni

Kijiweni Hedaru tangu alfajiri. Abiria wa maana mmoja tu, dada mzungu, kashuka basi na begi kubwa kama gunia. Bodaboda wenzangu wote wakajifanya wanaongea na simu. Kizungu kimewashinda. Mimi niliishia kidato cha pili lakini mdomo ninao. Nikampata. Anaitwa Klara, anataka kulala siku chache kijijini kwetu, huko juu milimani.

Kabla sijawasha pikipiki, yule ombaomba kipofu wa stendi akatufikia. Miwani nyeusi, kofia hadi masikioni, mkono mbele. Klara akanywea. Akaniuliza ampe nini asije akamvunjia heshima. Nikamwambia usimpe kitu, huyo anaona kuliko wewe. Na Mpare haombi! Kwetu kuna msaragambo. Nyumba yako ikianguka, baragumu linapulizwa, kijiji kizima kinakuja na majembe kukujengea. Huyu katoka kwa wavivu wenzake huko. Nikarudia kwa Kiswahili ili kijiwe kicheke. Wakacheka sana.

Ombaomba akanisogelea sikioni. Kipare safi kabisa: "Kaana, katoto wewe, siku hizi shikamoo imekushinda?"

Sauti naijua. Nikaachia usukani. Klara ndiye aliyeshika pikipiki isianguke.

Jumanne, 4 Juni

Mzee Kiondo. Mpiga baragumu wetu! Kijiji kizima tunajua yuko Tanga kwa binti yake, anakula samaki. Kumbe yuko hapo chini, na malori yetu ya tangawizi yanapita mbele yake. Majirani wanamtupia sarafu. Hata mimi nilimtupia, nikamwambia akanunue macho.

Nimemfuata leo. Nikampeleka nyuma ya maduka, chai na chapati.

"Babu, miwani ya nini na unaona?"

"Ya kutowaona ninyi."

Nikamsogezea na chapati yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakupuliza baragumu masika ya mwaka jana yalipobomoa nyumba yake. Akanitazama kama mjinga. Mwenye shida hajipulizii. Hupuliziwa. Yeye kawapulizia wote, hata nyumba ya Bibi yangu. Ilipofika zamu yake akakaa chini ya turubai, akingoja mtu mmoja tu alishike baragumu. Siku hizi tunaitana kwa grupu la simu, yeye simu hana, na kila mtu alidhani mwenzake ataandika. Akatundika baragumu ofisini kwa mwenyekiti, akaaga kwamba anakwenda Tanga. Binti mwenyewe hajui aliko.

Kaniapisha nisimwambie mtu. Akisikia nimesema, atapanda lori lolote na hatutamwona tena. Nimeapa. Mimi, na mdomo huu!

Jumatano, 5 Juni

Kimya siku nzima. Bibi kanishika paji la uso, kadhani malaria. Klara kauliza kama yule mzee ni wa huku. Nimemdanganya kwa Kiingereza kizuri sana. Nimejichukia.

Alhamisi, 6 Juni

Niliapa kutosema. Kutopuliza sikuapa.

Nimelichukua baragumu mwenyekiti akiwa shambani. Lina buibui. Nikaenda nalo kwenye kifusi cha nyumba ya Mzee Kiondo, nikapuliza. Sauti ya mbuzi aliyekabwa. Nikapuliza tena.

Watu wakaja mbio. Wengine na majembe, akina mama wengine wanalia tayari.

"Nani kafa?" mwenyekiti anahema.

"Hajafa mtu. Nyumba hii imeanguka."

"Wewe mtoto una kichaa? Imeanguka leo?"

Nikakinyooshea kifusi kidole. Wakageuka, wakaitazama. Mwaka mzima tunapita hapo. Bibi akachukua jembe la mtu, akaanza. Klara akabeba mawe hadi kucha zikavunjika.

Hedaru sikuitaja.

Ijumaa, 7 Juni

Kuta zimesimama, mabati juu, baragumu nimelitundika ndani. Makande masufuria mawili. Mimi nimebeba matofali kuliko wote, aulizwe yeyote.

Jioni nimeteremka kumchukua. Hayupo. Mama wa chai kasema mzee alisikia watu wa lori la tangawizi wakisimulia habari ya baragumu, akavua miwani, akaondoka. Hakuaga.

Nimemfukuza mimi. Nimezunguka stendi nzima nikiita. Nimepanda mlima na kiti cha nyuma kitupu.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka kanisani, nikapita kwenye ile nyumba. Mzee Kiondo kakaa mlangoni kwake. Vumbi hadi magotini. Kapanda kwa miguu.

"Ni wewe uliyepuliza?"

"Ndiyo, babu."

"Vibaya sana."

Akanyoosha mkono. Mkono uleule, kiganja juu. Wangu ukaingia mfukoni wenyewe kutafuta sarafu. Hakuurudisha. Akaningoja.

Nikaona haya. Nikaingia ndani, nikamletea baragumu lake.

Akalifuta mdomo kwa shati.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."